Kitundu cha Chupa ya Bibi

Jamani, leo nimeonja uozo, na mpaka sasa natema mate.

Mnajua namlea mtoto wa Mdachi wa reli, hapa Morogoro mjini.
Chupa yake ya maziwa imetoka Ulaya: mbele chuchu ya mpira, nyuma kitundu cha kuingiza hewa.
Kuiosha mimi ni marufuku. Mama yake, huyo bibi wa Kizungu, anasema mikono yetu michafu. Anaiosha mwenyewe.

Basi leo mtoto kanyonya weee, chuchu ikanywea, akaangua kilio.
Bibi akasema, "Mvivu huyu."

Mvivu!
Kwetu Uluguru hata kibuyu cha maji tunakitoboa tundu la pili, la sivyo kinagoma kumimina.

Nikamwambia, "Bibi, chupa haipumui."
Akacheka.

Nikaweka mdomo kwenye kile kitundu, nikavuta.

Yalaa!
Donge la maziwa yaliyoganda, la kijani, linanuka kama panya mfu. Likanipasukia ulimini.
Nikalitema miguuni pake. Sikukusudia. (Haya, nilikusudia kidogo.)

Nikaichemsha chupa, mtoto akanyonya kimya mpaka akasinzia.

Sasa kisieni bibi kaniambia nini.

"Kanawe mikono kabla hujamgusa mwanangu."