Upande Aliotoboa Profesa Panya

Mtaani walimwita Profesa Panya, naye akaitika, kwa sababu mtaa ule ukilikataa jina unaongezewa la pili.

Kazi yake ilikuwa kuyatafuta maumivu ndani ya vichwa vya panya. Aliukata ubongo vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, akaviacha vielee majini, akaviokota kwa brashi na kuvilaza juu ya kioo cha darubini. Kipande kikishaelea hakina kulia wala kushoto. Ndiyo maana kabla ya kukata, ubongo hutobolewa kwa sindano upande wa kushoto, tundu liwe alama.

Kwa matundu hayo aliandika makala iliyompandisha chati: kuna eneo upande wa kushoto linalowaka maumivu yanapotulia, na mwenzake wa kulia huwaka yanapozidi. Ikanukuliwa hadi nchi asizozijua hata kwenye ramani. Makala zake nyingine zilisomwa na mhariri na, kwa shingo upande, mumewe.

Miaka baadaye alikuwa akimwonyesha mwanafunzi namna ya kutoboa, macho yakaanguka kwenye mkono wake mwenyewe. Ubongo ulikuwa umelala chali. Ndivyo alivyoulaza siku zote, akatoboa kushoto kwake yeye. Na ubongo ukilala chali, kushoto kwako ni kulia kwake.

"Mwalimu, unaumwa?"

"Naumwa," akasema.

Akaandika masahihisho. Jarida likayabana ukurasa wa mwisho, chini kabisa, mahali pa matangazo ya samahani. Mkuu wa idara alimwita ofisini na kufunga mlango.

"Dada yangu, makala ile ndiyo inayoiweka maabara hii mjini. Unaichoma moto?"

"Si kushoto, mkuu. Ni kulia."

"Kushoto, kulia, imenukuliwa!"

Akawaandikia waliomnukuu, mmoja mmoja. Wengine walikaa kimya. Wengine walimjibu kwa kumpongeza. Makala yenye kosa ikazidi kunenepa kila mwezi. Masahihisho yalinukuliwa mara moja tu, naye mwenyewe.

Kaka yake alikuwa fundi cherehani, na mgongo ulikuwa umemfukuza kwenye kiti cha cherehani. Nguo za wateja zilirundikana, wateja wakaanza kuzichukua zikiwa hazijashonwa. Asubuhi moja akampigia simu dada yake, sauti imechangamka: "Njoo kliniki upesi, uone mambo!"

Alimkuta kwenye benchi katikati ya foleni, amevaa shati lake la kwenda mjini.

"Ndiye huyu!" kaka akawatangazia wenzake. "Mdogo wangu wa tumbo moja. Hiyo mashine ya kutuliza maumivu mnayoisubiri imetoka kichwani mwake."

Kijana wa mashine, koti jeupe bado lina mikunjo ya dukani, akatoka mbio. "Mama, ni wewe? Tulikusoma chuoni! Tunaweka kidude hapa kushoto mwa kichwa, kama ulivyosema."

"Nilikosea. Wekeni kulia, au msiweke kabisa. Hapo mnayachochea maumivu. Niliandika masahihisho."

Kijana akajikuna shingo. "Sijayaona, mama. Na mashine imeletwa imeshapangwa. Mimi nabonyeza tu."

"Basi mpigie mkubwa wako."

"Nimwambie nini? Kwamba mwenye makala anaikataa makala yake?" Foleni ikacheka. Mzee mmoja akasema wasomi wakizeeka huanza kuona haya, hata mkwewe alikuwa hivyo.

Akamshika kaka yake mkono. "Kaka, twende nyumbani. Nakuomba."

"Tangu utoto uko hivyo. Ukishika namba moja unasema mwalimu kakosea kujumlisha." Akauondoa mkono wake taratibu. "Nimewaambia watu wote hawa. Nikiondoka leo, nirudi kukaa kwenye kiti gani?"

Maabara nzima, na hakuwa na kiti kingine cha kumpa.

Kaka akaingia, akakaa, akanyoosha shingo kama mteja anayepimwa kola. Kijana akamfunga mkanda kichwani, akakibana kile kidude juu ya sikio la kushoto, akabonyeza.

"Unasikia nini, baba?"

"Mgongo... kama unauma zaidi."

"Hapo ndipo inapofanya kazi."

Kaka akauma meno, jasho likamtoka. Akageuza macho hadi mlangoni alikosimama dada yake, akamwinulia dole gumba.