Mwenye Ngozi na Mwenye Ngoma

Nilianza kuwamba ngoma baada ya kustaafu kazi ya baraza la jiji, kwa sababu kukaa nyumbani kulikuwa kunanitia hasira. Tunaishi ghorofa ya juu kabisa hapa mtaani Huruma, na kwenye paa letu kila mpangaji huanika nguo. Nilichukua kona moja. Mapipa ya bati niliyapata kwa mafundi wa vyuma, ngozi za mbuzi zikatoka machinjio ya Kiamaiko, na ngoma zikaenda kwa makanisa yale ya kanzu nyeupe yanayopita barabarani kila Jumapili yakiimba. Sikuuza. Kanisa likileta shukrani, nilipokea. Lisipoleta, nilisikia ngoma yangu ikipita chini ya dirisha na ikanitosha.

Ngozi nilipewa na mchinjaji mmoja wa Kiamaiko, rafiki yangu wa miaka mingi, Mwislamu, ambaye wazazi wake walihamia kutoka kaskazini kabla hajazaliwa. Tulijuana nilipokuwa nikikagua mifereji ya machinjio. Bei ya ngozi ilikuwa imeanguka hata wenzake wakawa wanazitupa, lakini yeye aliniwekea zile zisizo na kovu, akazitia chumvi, akaniletea mwenyewe hadi mlangoni. Hakuwahi kunitajia bei. Mtu mwingine angeshukuru tu. Mimi nilianza kujiuliza anataka nini.

Mwaka jana kanisa moja la Kayole liliagiza ngoma sita kwa mpigo, na mweka hazina wao akataka risiti yenye jina la biashara. Nilidhani ametumwa na watu wa kodi. Binti yangu alicheka, akasema watu wa kodi hawana haja ya kumvalisha mtu kanzu ili wanipate.

"Baba, siku ulipoanza kuahidi watu tarehe, mchezo uliisha," akaniambia. "Kasajili."

Nikamshuku na yeye. Niliwaza anatafuta kitu cha kurithi, na cha kurithi chenyewe kilikuwa beseni, kisu na harufu.

Nilipomweleza mchinjaji, hakucheka. Alikunywa chai yake hadi nusu kwanza.

"Mzee, kama ni kusajili, tusajili sisi wawili. Wewe ngoma, mimi ngozi."

Nikamwuliza anataka sehemu gani. Akasema sehemu nitakayoona mimi. Jibu hilo ndilo lililoninyima usingizi. Mtu asiyetaja kiasi, niliwaza, anataka vyote. Nikakumbuka maneno tuliyokuwa tukiambiana ofisini, kwamba watu wale wa kaskazini ukiwaachia mguu mmoja mlangoni, kesho duka ni lao. Nilikuwa nimekula Idi nyumbani kwake mwaka baada ya mwaka, na bado nikayaamini maneno hayo. Nikamwambia tungoje, kazi bado ni ndogo.

Sikwenda saiba ya hapa chini, kwenye kompyuta za kukodi, maana wangeniona. Nilikwenda hadi Tassia, ambako hakuna anayenijua. Kijana wa pale alijaza kila kitu kwa haraka, halafu akasimamisha vidole.

"Biashara iko na watu wangapi, mzee?"

"Mmoja."

"Una uhakika? Kuongeza mtu baadaye ni shughuli."

"Nimesema mmoja."

Nikamshuku hata yeye, kwa kuwa ameuliza mara mbili. Cheti kilipotoka nilichongesha muhuri, nikaandika risiti ya Kayole, nikanyamaza.

Kumbe mtu wa lile kanisa, anayenunua nyama kwa mchinjaji, alikuwa amemwonyesha risiti ile. Alipoona muhuri, alichukulia kwamba nimetuandikisha wote wawili. Hakuniuliza. Wiki iliyofuata akanipigia simu akiwa njiani kuja kwangu na gunia la ngozi. Askari wa kaunti walikuwa wamemsimamisha, kama walivyozoea kumsimamisha, wakitaka kujua ngozi ni za nani na anazipeleka wapi.

"Mzee, nimewaambia ni za biashara yetu. Nitumie cheti kwa simu."

Hapo ndipo nilipoelewa sehemu aliyokuwa akiitaka. Alitaka karatasi ya kuonyesha njiani, basi. Ningeweza kumwambia ukweli pale pale. Nilikituma, nikijidanganya kwamba askari wataangalia nembo ya serikali tu na kumwacha apite.

Jioni nilimkuta kibandani kwake akiosha visu. Ngozi zilichukuliwa, na yeye aliachwa baada ya kutoa kitu kidogo.

"Askari alikisoma kwa sauti," alisema. "Akaniuliza jina langu liko wapi."

Nilimwambia nitarudi saiba kesho nimwongeze. Akafuta kisu kimoja, akachukua kingine.

"Walikuuliza mko wangapi?"

"Waliniuliza."

"Ukasemaje?"

"Mmoja."

"Basi ni mmoja, mzee wangu."

Tangu siku ile ananiuzia ngozi kwa bei ya kila mtu, na haleti tena. Hanidai neno, na salamu yake haijapungua. Nainama kwenye rundo pamoja na wanunuzi wengine na kuchagua kwa macho haya mabovu. Mapema wiki hii nilikuwa nimeshika moja iliyonipendeza aliposema, bila kunigeukia, "Acha hiyo. Chukua ile ya chini."

Nilisimama na ngozi zote mbili mikononi. Labda alikuwa ananisaidia kama zamani. Labda alikuwa anamsukumia mbovu mzee aliyemwaibisha, na angekuwa na haki. Nilichukua ile ya chini na kulipa bila kuinyoosha kwenye mwanga.

Sasa inalowa kwenye beseni, paani. Kila asubuhi naipapasa, inchi kwa inchi, nikitafuta tundu. Sijaliona.