Mgongo wa Melk

Siku ya kwanza kaka yangu Alois alipopigana mieleka na mdogo wetu Melk ghalani, alimvunja pua, na baba akacheka mpaka akakohoa. Melk alikuwa na miaka kumi na tisa. Kwetu, katika milima ya Uri huko Uswisi, baba alikuwa na desturi yake: kila mwaka theluji ikiyeyuka, wanawe wawili huvaa kaptula za gunia juu ya suruali, hushikana viunoni, na atakayemlaza mwenzake chali kwenye vumbi la mbao ndiye atakayepanda na ng'ombe malisho ya juu na kutengeneza jibini lenye alama yake. Anayeshindwa hubaki bondeni kukata nyasi na kuzoa mavi. Melk alitaka kupanda. Hakutaka kitu kingine duniani.

Kuna sheria moja ambayo hata watoto wa kwetu wanaijua: mshindi humwinua aliyeshindwa na kumpangusa vumbi mgongoni. Alois hakumpangusa. Alimkanyaga mkono na kusema, "Jipanguse mwenyewe, konokono." Baba alinyamaza. Ni marehemu sasa, na bado sijamsamehe ukimya ule.

Mwaka uliofuata Melk aliteguka bega. Mwaka wa tatu yaling'oka meno mawili ya mbele, niliyaokota mimi. Nilikuwa nikibandika sufuria ya maziwa kwenye jiko la pembeni mwa ghala kila walipoanza kupigana, na miaka hiyo yote maziwa hayakupata hata joto kabla Melk hajalazwa chali.

"Nenda zako mjini ukatafute kazi kiwandani, Melk," nilimwambia nikimfuta damu. "Huyu mwendawazimu atakuua."

"Mwaka huu sikufumba macho, dada."

"Umeng'oka meno."

"Ndiyo. Lakini nimeona mguu anaoutanguliza."

Ndivyo alivyokuwa. Mwaka mzima alijifunza jambo moja, basi. Kulikuwa na mwaka wa kuanguka bila kuumia shingo, na mwaka wa kupumua. Miaka mitatu mizima ilikuwa ya kushika tu: kila asubuhi aliikumbatia nguzo ya uzio nyuma ya zizi mpaka mikono ikatetemeka. Alois, aliyekwisha kuvikwa mataji ya majani ya mwaloni kama bingwa wa mashindano ya mieleka, alikuwa akipita na kumrushia mavi.

"Umeoa nguzo, bwana? Harusi lini?"

"Bado tunachumbiana, kaka," Melk alijibu bila kuiachia.

Mwaka wa kumi na mbili maziwa yalianza kuchemka na Melk bado amesimama. Alois akapandwa na hasira, akampiga ngumi, jambo lililokatazwa kabisa, akamvunja mbavu mbili. Melk alitema damu huku akicheka. "Amepiga ngumi, dada. Ameishiwa mieleka."

Mwaka huu Melk ametimiza thelathini na tano. Alois alimpiga kichwa usoni mara tu waliposhikana, na damu ikawafunika wote wawili. Melk hakuachia. Maziwa yalifurika, yakaungua, nikayaacha yanuke. Alois alihema, akatanguliza mguu ule ule wa miaka yote, na Melk akamnyanyua juu na kumbwaga. Nilisikia mtulinga wa Alois ukivunjika. Nilifurahi, sitaficha.

Melk alisimama juu yake, damu ikimdondokea Alois usoni.

"Mkanyage," nilisema.

Hakumkanyaga. Alimwinua kwa kumshika mkono uliobaki mzima, akampangusa mabega, kisogo, kiuno, bila haraka. Kisha akamgeuzia mgongo, akasimama akingoja.

"Unataka nini tena?" Alois aliuliza.

"Sasa mimi, kaka."

"Wewe umeshinda. Mshindi hapanguswi."

"Si vumbi la leo. Ni la miaka yote ambayo hukunipangusa."

Mkono mzima wa Alois ndio ule uliovunja pua na mbavu. Uliinuka umefumba ngumi, nyuma ya kichwa cha Melk, naye Melk hakugeuka. Nilishika uma wa nyasi, na Mungu anajua ningemchoma.

Ngumi ikafumbuka. Alois akaanza kumpangusa mdogo wake mgongoni, polepole, kuanzia mabegani, akilia kama mtoto. Niliweka uma chini, nikaenda kusugua sufuria, na niliporudi alikuwa bado anapangusa.