Tulimlilia Akiwa Hai

Vijana wa hapa Kilosa wakiniuliza nashabikia timu gani, huwajibu kwamba sina timu. Hawaniamini. Wanasema mzee asiyebanduka kwenye redio siku ya mechi hawezi kukosa timu. Wana haki ya kutoniamini. Nimekuwa mshabiki maisha yangu yote, najua mshabiki ni mtu wa namna gani, na ndiyo maana sipendi kuhesabiwa pamoja nao.

Mchezaji akianguka, neno la kwanza mdomoni mwao ni kwamba anajilaza. Sijawahi kumsikia mshabiki akisema, labda ameumia. Wakianza maneno hayo mimi hunyanyuka na kutoka nje, na wao hucheka kwamba mzee ana moyo mdogo.

Wakati wa Mwingereza nilikuwa mkata mkonge katika shamba moja upande wa Kimamba. Baba yetu alitoka Unyamwezi kuifuata kazi hiyo, akafa tungali wadogo, akatuacha na mama katika chumba kimoja cha kambi. Tulizaliwa wengi, tukabaki wawili: mimi na mdogo wangu wa kiume. Nilisoma mpaka darasa la nne. Yeye hakufika hata hapo, kwa sababu homa ilimrudia kila mvua, na chini ya mbavu zake za kushoto kulikuwa na uvimbe mgumu ulioshikika kwa mkono. Ilikuwa bandama. Kambi ile ilikuwa na madimbwi pande zote na watoto wengi walikuwa na bandama, kwa hiyo halikuwa jambo la kushangaza. Mama alimchanja chale juu ya uvimbe na kumkataza kupanda miti na kupigana.

Mpira hakumkataza, au alimkataza akashindwa. Mdogo wangu alikuwa mwembamba na mwepesi, akicheza pembeni kulia, na mpira ukimfikia watu walisimama. Timu ya shamba ndiyo iliyomwokoa na kukata mkonge. Sisi wakataji tulipewa matita ya kumaliza kila siku, na kila jani lilipaswa kuondolewa mwiba wa nchani kabla ya kufungwa. Miiba hiyo ilituingia mikononi na mingine ikabaki humo. Wachezaji hawakukata. Walipelekwa uanikaji, kutandaza katani kwenye nyaya, na Jumamosi mchana waliachiwa wakafanye mazoezi.

Nimesikia watu wakisema kwamba mpira wa zamani ulikuwa furaha yetu pekee, kitu ambacho Mwingereza hakuweza kutunyang'anya. Mimi nilikuwapo. Mpira ule ulikuwa wa Mzungu wa shamba. Yeye ndiye aliyeununua, yeye ndiye aliyesema nani acheze, na akienda mjini kunywa na Wazungu wenzake alijisifia timu kama mtu anavyomsifia mbwa wake wa kuwindia. Sisi tuliiita timu yetu. Tukifungwa, Jumatatu nyapara alituongezea matita. Tukishinda, hakupunguza hata moja.

Hata hivyo sitamsukumia Mzungu kila kitu. Ukatili wa kule pembeni mwa uwanja ulikuwa wetu wenyewe, na mimi nilikuwa fundi wake. Nilikuwa na sauti kubwa na ulimi mwepesi. Watu walinipisha mbele ili wanisikie.

Wapinzani wetu wakubwa walikuwa timu ya watu wa reli, hapa Kilosa. Wengi wao walikuwa Wazaramo waliofuata kazi kutoka pwani, na Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani. Asiyejua utani huona matusi tu. Mtani ana ruhusa ya kukuvua kofia, kukuita mvivu mbele ya wakwe zako, kula chakula chako bila kukaribishwa. Kwenye msiba ndiye mwenye kazi kubwa kuliko wote: anachimba kaburi, anaigiza mwendo wa marehemu, analishika jeneza na kukataa kuliachia mpaka wafiwa wamkomboe maiti wao kwa kitu chochote, hata ugoro. Mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Hujibu utani kwa utani, na hivyo machozi hupata pa kupumzikia. Nauheshimu utani mpaka leo, na wanaotaka upigwe marufuku siwaungi mkono.

Jumapili ya mechi na watu wa reli, mama hakuwapo. Alikuwa Tindiga kumsaidia dada yake kuvuna mpunga. Asubuhi, tukinywa uji, mdogo wangu aliweka kikombe chini.

"Kaka, leo sijisikii. Homa iko tangu juzi, na huku ndani kumejaa." Alishika ubavu wa kushoto.

"Ukikosa leo, kesho wanakurudisha kukata."

Ilikuwa kweli, wangemrudisha. Lakini sikusema kwa sababu hiyo. Nilisema kwa sababu nilitaka tuwafunge watu wa reli, na bila yeye tusingewafunga. Alinitazama kidogo, akamaliza uji wake, akaenda kupanda lori la kutupeleka Kilosa.

Alifunga bao kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili beki wao mmoja aliruka naye kugombea mpira, goti likamwingia ubavuni. Sikuona kama ilikuwa kusudi, na sitasema ilikuwa kusudi. Mdogo wangu alianguka, akajikunja, akatulia. Hakupiga kelele. Watu wa reli walizomea kwamba anajilaza kulinda bao. Wetu nao walimpigia kelele asimame, maana tulikuwa na hamu ya bao la pili. Alijaribu kusimama, akapiga magoti, akalala tena. Wenzake wakamburuta hadi nje ya mstari wa chaki ili mchezo uendelee.

Hapo ndipo akaja kiongozi wa washangiliaji wa reli. Alikuwa Mzaramo mmoja mnene, mchochea moto wa garimoshi, mtu wa vichekesho ambaye hata sisi tulimpenda. Alinyakua kanga ya mwanamke mmoja, akamfunika nayo mdogo wangu kutoka kichwani mpaka magotini, akaweka mikono kichwani.

"Jamani wee! Mnyamwezi kafa! Njooni tumzike kabla hajaoza!"

Wakamwinua wanne, wakamweka mabegani. Wanawake wa pande zote mbili wakaanza kulia kilio cha uongo. Uwanja ukageuka matanga.

"Yuko wapi mfiwa?" mchochea moto aliuliza. "Nani mwenye maiti hii?"

Watu wakanisukuma mbele huku wakicheka.

"Pole, mtani wangu. Ndugu yako kafa kifo cha Kinyamwezi, kachoka kabla ya kufika pwani. Toa sigara nikuachie mwili."

"Sigara nikupe wewe? Mzaramo ukipewa jembe la kuchimbia kaburi unauliza ngoma inachezwa wapi!"

"Basi namchukua. Atanibebea kuni za garimoshi."

"Mchukue! Maiti ya Mnyamwezi inabeba kuliko Wazaramo watatu wazima!"

Kicheko kilikuwa kikubwa kiasi kwamba wachezaji wenyewe waligeuka kututazama. Ndipo mdogo wangu akaitoa kanga usoni.

"Kaka," alisema, "waambie wanishushe."

"Maiti imesema!" mchochea moto alipiga ukelele. "Mkomboe upesi, mtani, atafufuka huyu!"

Pakiti ya sigara ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimeishika. Watu walikuwa wakingoja jibu langu, na jibu lilinijia tamu.

"Kaeni naye," nikasema. "Kwetu wamejaa."

Wakaondoka naye mchakamchaka kuuzunguka uwanja, wakimrusha kidogo kila hatua kama jeneza lililoshikwa na walevi. Mimi niliwafuata nyuma, mikono kichwani, nikilia kwa sauti ya mfiwa. Walimaliza mzunguko mmoja, wakamlaza kando ya lori letu, wakarudi kutazama mechi. Nami nilirudi kutazama mechi.

Tulishinda kwa bao lake lile moja.

Tulipompandisha lorini midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu na jasho lake lilikuwa baridi. Aliomba maji, akanywa, akaomba tena. Alisema tumbo limejaa. Njia ya kurudi ilipita karibu na hospitali ya serikali. Niliiona. Mzungu hakuwamo lorini, alikuwa ametangulia na gari lake, na dereva alikuwa mtu wetu wa kambini. Ningegonga paa mara mbili angesimama. Lakini watu walikuwa wanaimba, nami dakika chache nyuma nilikuwa nimewachekesha kwamba yule ni maiti. Niliona aibu kugeuka na kusema ni mgonjwa. Nikajiambia dresa, mtoa dawa wa shamba, atamtazama.

Alikata roho kabla ya kufika Kimamba, jua likiwa bado juu, kichwa chake kwenye mapaja ya golikipa. Golikipa ndiye aliyejua kwanza. Aliacha kuimba, kisha wa jirani yake akaacha, na mbele kabisa waliendelea kuimba mpaka lori lilipoingia kambini.

Dresa alimbonyeza tumbo kwa vidole viwili. "Bandama imepasuka," alisema. Kisha akatuuliza, "Mmetoka naye Kilosa? Mkapita hospitali, mkamleta kwangu?"

Kila mtu alinitazama mimi.

Miaka michache baadaye siasa zilipopamba moto, wasemaji walisimama katika uwanja uleule na kutuambia kwamba Mwingereza ametuua. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Madimbwi yale ya kambi hakuna aliyeyafukia, na homa ya madimbwi ndiyo iliyomvimbisha bandama mdogo wangu. Hilo ni kweli na nitalisema popote. Lakini kila msemaji alipoketi nilijua kuna sehemu hakuitaja, na kwamba haikuwa kazi yake kuitaja.

Tulizika Jumatatu. Mama alifika kutoka Tindiga akikimbia, mabua ya mpunga yamemganda kwenye nguo. Watani wa reli walikuja wote, yule mchochea moto mbele. Walichimba kaburi. Walichimba vizuri, wakalisawazisha, na hawakusema neno. Hakuna aliyeigiza mwendo wa mdogo wangu. Hakuna aliyelishika jeneza. Watani wenzake walikuwa wakimtupia macho mchochea moto wakisubiri aanze, naye alitazama udongo tu.

Mama alishindwa kuvumilia. "Mbona watani hawasemi?" aliuliza mbele ya watu wote. "Mwanangu kafanya kosa gani hata hataniwi? Mbwa ndiye huzikwa kimya hivi!"

Mchochea moto alifungua mdomo. Akaanza kulia kilio cha kweli, kibaya, cha mtu asiyezoea. Mama alizidi kukasirika. Aliona wamemdharau mtoto wake.

Siku ya tatu nyapara alikuja kuchukua jezi na viatu. Alivua kofia, akamwamkia mama shikamoo kwa heshima yote, akasema Mzungu anatoa pole, na kwamba Jumapili kuna mechi na timu ina jezi chache. Nilimpa. Jezi ilikuwa bado inanuka jasho lake.

Alipoondoka, mama aliniita. Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo.

"Wewe ulikuwapo," alisema. "Niambie."

Ningeweza kumwambia habari za goti na kuishia hapo. Watu wote wa kambi walikuwa wamekubaliana, bila kuambizana, kwamba hadithi iishie kwenye goti. Nilimweleza yote: uji wa asubuhi, kanga, alivyoniomba wamshushe, nilivyomjibu mtani, hospitali tuliyoipita. Vidole vyake havikuacha kuchagua mchele.

"Sigara ulikuwa nazo?"

"Nilikuwa nazo, mama."

Alipepeta, akapuliza makapi, akaenda kuinjika sufuria, na chakula kilipoiva alinipakulia kama siku zote.

Jumapili lori lilipiga honi. Nilikuwa nimekaa kizingitini. Mama alisema nyuma yangu, "Nenda. Wanakungoja."

Mpaka leo sijui alikuwa ananiruhusu au ananipima. Nilikwenda. Pembeni kulia alichezeshwa kijana mwingine wa uanikaji, mzuri pia. Tulifunga mabao mawili, na yote mawili niliruka juu na kupiga kelele. Sikujilazimisha. Ilinitoka yenyewe.

Niliporudi chumba kilikuwa kimefagiwa na vyombo vya mama havikuwapo. Jirani alisema ameelekea Tindiga mchana, peke yake. Sikumfuata kesho yake, wala keshokutwa, kwa sababu kazi ya mwezi ilikuwa haijatimia na nyapara asingenipa ruhusa. Nilikwenda ilipotimia. Nilimkuta shambani kwa dada yake, ameinama anapalilia mboga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaitika, kwa adabu, kama anavyomwitikia mpita njia, akaendelea kupalilia.