Bunduki Kubwa na Bega la Kerubo

Ninayoikumbuka, mwanangu, ni Jumapili moja ya mwezi wa Machi, hapa hapa Blaine, Minnesota, theluji ya barabarani ikiwa imeshageuka uji mweusi. Tulikuwa tumetoka kanisani. Mke wangu Kerubo alikuwa jikoni akisonga ugali, nami nilikuwa kwenye kochi nikijifanya naangalia mpira. Mlango ukagongwa. Alikuwa Shangazi Bosibori, shangazi yake Kerubo, ameendesha gari kutoka kwake Savage, upande wa pili wa mji, akauvuka mji mzima bila kupiga simu. Huyu ndiye aliyesimama upande wa bibi harusi siku tulipopeleka mahari. Akija bila kupiga simu, ujue hajaja kunywa chai.

Nitakueleza alichofuata, lakini ngoja kwanza nikurudishe nyuma. Juzi ulinitumia picha ya bunduki kwenye simu ukaniuliza, "Uncle, hii iko poa?" Nimeiangalia picha hiyo zaidi ya unavyodhani. Bunduki ni nzuri, inang'aa, na bei yake si mbaya. Ila nilipoona kaliba yake, yaani unene wa risasi zake, nikakumbuka bega lililoumia, na halikuwa bega langu.

Miaka ile mimi na Kerubo tulikuwa wapya kwenye ndoa na wapya kwenye baridi. Yeye alifanya kazi mchana katika hospitali moja ya Minneapolis, akiwasaidia wagonjwa kugeuka kitandani, kuoga na kusimama. Mimi nilikuwa na shifti za usiku katika nyumba ya wazee. Tulikuwa tunaonana mlangoni, mmoja akivua viatu, mwingine akivaa. Siku yetu ya pamoja ilikuwa Jumamosi, na hiyo nayo tulikuwa tunaimaliza kwa kulala. Asubuhi moja Kerubo akaniambia kwamba tukiendelea hivyo tutasahauliana sura. Alisema akitabasamu, lakini mimi niliogopa, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuona kwamba ni kweli.

Kazini kwangu kulikuwa na mzee mmoja wa hapa Minnesota, fundi wa mitambo ya joto, ambaye kila Jumamosi alikuwa anakwenda na mkewe kwenye uwanja wa shabaha. Wanatoboa makaratasi kwa risasi, wanakunywa kahawa, wanarudi nyumbani wakicheka. Hadithi hiyo niliipenda. Nikampelekea Kerubo nikitegemea atakataa, maana kwetu bunduki tuliyoijua ni ile ya polisi anayelinda benki. Akanishangaza. Akasema bora tutoke nje, hata kama ni kutoboa makaratasi. Tukaweka akiba kidogo kidogo, yeye na mimi, na wote wawili tulikuwa tumeshapata kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu, kwa hiyo kisheria hakukuwa na shida.

Dukani nilikwenda peke yangu, nimetoka shifti, sijalala. Sasa sikiliza vizuri hapa, kwa sababu kosa hili ni la kwetu kabisa. Wewe ulikuja huku mdogo, hukuvalishwa sweta ya shule inayofika magotini. Kwetu nguo ya mtoto ilinunuliwa kubwa. Mama alikunja mikono ya sweta, akapachika pini kiunoni, akasema utakua uienee. Viatu vilijazwa karatasi mbele. Kitu cha saizi yako kilikuwa hasara, kwa sababu mwakani hakitakuenea. Nilivuka bahari na akili hiyo, na siku hiyo niliingia nayo dukani.

Muuzaji alikuwa mtu mwaminifu. Aliniuliza nitaitumia kwa nini na ni nani atakayepiga. Nikamwambia ni shabaha za karatasi, mimi na mke wangu. Hakufikiri sana, akanitolea moja ya kaliba ya ishirini na mbili, nyembamba, nyepesi, risasi zake ndogo kama punje ndefu za maharagwe. Mwanangu, nilihisi nimetukanwa. Nikamuuliza kama hiyo inaweza kuangusha dubu. Akaniangalia, akauliza, "Kuna dubu unayemjua?"

Pale ukutani ilikuwapo nyingine iliyokwisha tumika, kaliba ya mia tatu, ile wanayoiita magnum, yenye baruti nyingi, na darubini yake juu, imepunguzwa bei kwa sababu mwenyewe aliichoka. Nikapiga hesabu za kwetu. Leo karatasi, kesho kulungu, na siku moja, nani ajuaye, mnyama mkubwa wa huko kaskazini. Nikinunua hii nimemaliza, tutakua tuienee. Muuzaji akaniambia ikifyatuka inapiga teke sana begani. Nikamjibu kwamba nimebeba magunia ya kahawa tangu ujana. Sikumwambia kwamba Kerubo hakuwahi kubeba hata moja. Wala sikuuliza bei ya risasi. Nilikuja kuijua kwenye kaunta, kijisanduku kimoja kidogo kikanywa pesa ambazo kwa ile ndogo zingetutosha Jumamosi nyingi. Nikalipa huku natabasamu, kama mwanamume.

Tulipofika uwanjani nilianza mimi. Ilinipiga nikaona nyota, nikasimama wima nikasema iko sawa. Kerubo akakaa kwenye benchi. Mikono yake ni mifupi na kitako cha ile bunduki ni kirefu, kwa hiyo ilibidi anyooshe shingo mbele ili aone, jicho likakaa karibu mno na darubini. Akafyatua. Chuma cha darubini kikamrudia kikampasua juu ya nyusi, na kitako kikamgonga chini ya mfupa wa bega. Aliiweka bunduki chini taratibu, mtutu ukiangalia mbele kama tulivyofundishwa, akashika uso akasema, "Nimemaliza." Tulirudi nyumbani bila kahawa, na njia nzima aliangalia dirishani.

Jumatatu akaenda kazini na bandeji juu ya jicho. Alipojaribu kumnyanyua mgonjwa, bega likakataa. Msimamizi wake akaona bega, akaona jicho, akampeleka kwenye chumba kidogo akafunga mlango. Huko hospitalini, ukitokea umevimba, utaulizwa swali, na wana haki ya kuuliza. Kerubo hakutaka mtu yeyote ajue tuna bunduki, kwa sababu habari ikifika kanisani ingekuwa imeshageuka kuwa bunduki tano. Akasema ameteleza kwenye barafu. Na hilo la barafu, mwanangu, manesi wameshalisikia mpaka wamelichoka.

Hayo yote mimi sikuyajua. Nilijua tu kwamba Jumamosi yetu imeharibika na mke wangu hataki maongezi. Shangazi Bosibori naye alikuwa nesi katika hospitali hiyo hiyo, ghorofa ya juu. Wakakutana wakati wa chakula, akaliona jicho, akauliza, akapewa barafu ile ile. Jumapili akawasha gari.

Alikaa kwenye ukingo wa kiti bila kuvua koti, mkoba mapajani. Chai aliikataa. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Kijana, ni mkono wako uliomfanya hivi mtoto wangu?"

Nikasema hapana. Kerubo akatokea jikoni na mwiko mkononi, akitaka kuniokoa, akasema, "Auntie, si yeye. Ni bunduki."

Unaweza kufikiria jinsi hilo lilivyonisaidia. Shangazi alisimama akamwambia Kerubo achukue koti lake. Ilinibidi nieleze mbio mbio, uwanja, darubini, kitako kirefu, magunia ya kahawa, dubu wa siku moja, maneno yakigongana mdomoni. Katikati ya maelezo Kerubo akaweka mwiko mezani, akasema jambo ambalo alikuwa amelificha wiki nzima.

"Kazini wameniuliza kama niko salama nyumbani," akasema. "Nikajibu ndiyo. Sidhani waliniamini."

Nilikaa chini. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Kuna mtu mwema alikuwa tayari kumtafutia mke wangu njia ya kunikimbia, na kwa alichokiona hakukosea hata kidogo. Mimi niliyetaka tusisahauliane sura, nilikuwa nimeitia alama sura yenyewe.

Shangazi akaomba kuiona hiyo bunduki. Nikafungua sanduku lake, nikamwonyesha kwamba haina kitu ndani, nikamkabidhi. Hakujua chochote kuhusu bunduki mama yule, na hakujifanya anajua. Aliipima tu kwa mikono yake, akaona mkono haufiki, akanirudishia. Akaniuliza kama Kerubo alikuwapo siku ya kununua. Nikasema hakuwapo. Akauliza kama viatu vya theluji nilimnunulia bila mguu wake. Nikasema hapana, tulikwenda pamoja, akajaribu jozi baada ya jozi.

"Basi hii umemnunulia mtu ambaye hajafika," akasema. "Huyo wa dubu, siku akifika, mnunulie yake. Walio hapa ni wawili, na mmoja wao kesho ananyanyua wagonjwa kwa bega hilo."

Ndipo akavua koti, akaomba ugali.

Bega lilipopona, Shangazi mwenyewe alitusindikiza dukani. Bunduki waliipokea kwa bei ya kuumiza roho, nikaimeza. Kwenye uwanja kulikuwa na za kukodisha, na Kerubo akajaribu moja baada ya nyingine, mimi nikiwa nyuma nimefunga mdomo. Alichagua ya ishirini na mbili, iliyotumika, ya kuvuta komeo kwa mkono kabla ya kila risasi, kitako kifupi. Pesa zilizobaki zilitosha vikinga masikio vizuri, miwani, sanduku la kufuli na risasi tele. Akapiga. Akangoja maumivu, hayakuja. Akapiga tena, akaanza kucheka, na mimi nilikuwa sijausikia mcheko huo tangu tuhamie huku. Shangazi alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma, vikinga masikio juu ya kilemba chake cha kanisani, anatikisa kichwa kama anayetazama watoto.

Kerubo alimpelekea yule msimamizi karatasi yenye matundu, akamweleza ukweli wote. Msimamizi alicheka sana. Lakini baada ya muda akamuuliza tena, wakiwa wawili tu, kama yuko salama. Nampenda sana mwanamke yule, na sijawahi kukutana naye.

Kwa hiyo, mwanangu, jibu langu kuhusu picha yako ni kwamba bunduki iko poa, ila bado hujaniambia bega ni la nani. Mkisema ni ya kutoboa makaratasi Jumamosi, wewe na mkeo Sheila, chukueni ya ishirini na mbili, na iliyotumika vizuri haina aibu. Haipigi teke, kwa hiyo haikufundishi kufumba macho kabla ya kufyatua, na tabia hiyo ikishaingia ni kazi kubwa kuitoa. Usitumie bajeti yote kwenye chuma. Uliza bei ya risasi kabla ya bei ya bunduki, kwa sababu bunduki utailipia mara moja na risasi utazilipia kila mnapotoka. Weka kando pesa za vikinga masikio, za miwani, za kufuli, na za mtu wa kuwafundisha. Ile ndogo haifai kumwindia kulungu, hilo ni kweli. Mkifika huko, mtauliza kwanza sheria ya mahali mtakapowinda, na mtachagua kaliba ya kiasi ambayo mwembamba kati yenu anaiweza. Kerubo alikuja kununua yake ya kaliba ya mia mbili arobaini na tatu baada ya miaka, akiwa ameshaijua kazi, na mpaka leo mimi ndiye ninayeiazima kwake. Na Sheila, kwa kuwa bado yuko kwenye viza ya masomo, asiguse hata ya kukodisha kabla hajamuuliza wakili wa uhamiaji. Mkiambiwa angoje, ngoja naye. Karatasi za shabaha zitaendelea kuuzwa.

Mkiruhusiwa, njooni Jumamosi. Ile ya ishirini na mbili bado ipo kwenye kabati la chuma, na Kerubo amesema atakaa na Sheila yeye mwenyewe. Atamwonyesha na ile alama yake juu ya nyusi, nyembamba kama mwezi mwandamo, ambayo huwaambia watu kanisani kwamba ni risiti ya manunuzi ya mumewe. Picha usilete. Mlete Sheila.

Mungu akupe mkono mtulivu na jicho lisilo na haraka. Akupe kununua kwa ajili ya watu ulio nao. Na aijalie nyumba yako, siku mkeo atakapoulizwa na mtu mwema, mlango ukiwa umefungwa, kama yuko salama, ajibu ndiyo, na aaminiwe.