Nani Kamuua Mfuga Nyuki

Mama yangu nilimleta huku Germantown, Marekani, aje kupumzika, na amepumzika kwa kuangalia maiti za Waingereza. Hukaa kwenye kochi langu, kanga mabegani, rimoti chini ya paja asije mtu akamnyang'anya. Kila maiti inapookotwa kwenye bustani ya waridi hutamka "Inna lillahi" kwa huzuni ya kweli, kisha huongeza sauti. Huangalia tamthilia mpya, huangalia na zile za zamani zenye picha za chenga. Anayoipenda kuliko zote ni ya inspekta mwenye mafua yasiyopona, anayefumbua mauaji katika kijiji ambacho kwa sasa kisingepaswa kuwa na mtu hai.

"Na bado wanahamia humo," huniambia. "Watu hawasikii."

Ana kanuni yake: muuaji ni yule anayemkaribisha inspekta chai kavu. Mtu mwema, anasema, angempa na kitu cha kutafunia.

Shida ilikuwa mdogo wake. Mama mdogo anaishi Uingereza, na kule vipindi hivi huonyeshwa kwanza. Sisi wa Marekani hutufikia baadaye, kama kiporo. Basi kila Jumapili mama mdogo hupiga simu, husema "Shikamoo dada," huulizia magoti, halafu bila hata kumeza mate: "Ah, ile ya mwenye mafua! Kumbe daktari wa mifugo ndiye aliyeua!"

"Kanispoilia!" mama alipiga kelele siku hiyo. Neno hilo, la kumharibia mtu utamu wa hadithi, alifundishwa na binti yangu, ambaye alimshauri bila kuinua macho kwenye simu yake: "Just don't pick up, Bibi."

Mama alimtazama, kisha akanitazama mimi niliyemzaa mtoto huyo. Asipokee simu ya ndugu yake kwa sababu ya televisheni? Nilijifanya naosha vyombo.

Mtu wa nje ataliona hili jambo dogo. Kwetu mkubwa hatanguliwi. Utotoni mama alikoga kwanza, alipakuliwa kwanza, alichagua kanga kwanza. Kisha mdogo wake akaolewa kabla yake, akapanda ndege na mumewe, na mama akabaki Unguja akipewa pole na majirani ambao hakuwaomba pole. Naye alikuja kuolewa baadaye, kwa bahati yangu. Lakini lile hakulisahau.

"Huyu kaumbwa kunitangulia," alisema. "Hata maiti lazima aione yeye kwanza."

Ndipo nikagundua kwamba msimu mpya wa inspekta ungeonyeshwa huku Marekani kabla ya Uingereza. Sijui nani aliamua hivyo, Mungu amzidishie. Nilipomwambia mama, aliniambia nirudie. Nikarudia. Aliinuka kwenye kochi bila kuyalalamikia magoti.

Jumapili iliyofuata hakungoja kupigiwa. "Mfuga nyuki kauawa," alimwambia mdogo wake. "Bandani mwake, na kofia yake ya wavu kichwani."

"Kauawa na nani?"

"Ee. Na huko mvua inanyesha?"

Sijawahi kumwona mama ana furaha namna ile. Mama mdogo alibembeleza, akanuna, akamwita dada yake roho mbaya. Mama alimwambia mwenye haraka na asubiri, kama wengine walivyosubiri.

Kisha ikaja simu siku ambayo haikuwa Jumapili. Mama mdogo ana mishipa ya moyo iliyoziba, na madaktari wangempasua kesho yake asubuhi. Sauti yake ilikuwa nyembamba mno. Walitakana radhi, kama watu wetu wanavyofanya kabla ya jambo zito.

"Dada, nisamehe yote niliyokukosea."

"Nimekusamehe."

"Hata kuolewa?"

Mama aliivuta kanga mabegani. "Hata kuolewa."

"Hata daktari wa mifugo?"

"Hilo tutalitazama."

Mama mdogo alicheka, akakohoa. "Basi niambie nani kamuua mfuga nyuki. Nisije nikafa sijui."

Nilimfinya mama. Nilimkonyeza. Hata mimi niliyechoshwa na inspekta yule nilitaka amwambie.

"Sikwambii," alisema mama.

"Dada!"

"Sikwambii. Ukitoka salama njoo uniulize. Na huko usithubutu kunitangulia, unanisikia? Mkubwa ni mimi."

Akakata simu. Nilimkasirikia, nikamuuliza ana moyo gani. Alichukua tasbihi yake akanipa mgongo, akaanza kumwombea mdogo wake.

Kesho yake sikwenda kazini Beltsville. Televisheni ilikaa kimya tangu alfajiri, na nilijikuta naogopa ule ukimya kuliko simu. Adhuhuri mtoto wa mama mdogo akapiga: mama yake ametoka salama, lakini kazinduka anauliza habari za nyuki, na manesi wanadhani ni dawa za usingizi. Akamwekea simu sikioni.

"Nani?" sauti ilikwaruza.

Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Alilia mpaka akatosheka, akapenga kamasi.

"Sijui," akasema.

"Hujui vipi?"

"Nilipoona kafa tu, nilizima. Peke yangu haina ladha. Nikikungoja wewe."

"Muongo mkubwa wee," akasema mama mdogo, na safari hii yeye ndiye aliyelia.

Kipindi kilipofika Uingereza walikiangalia pamoja, mmoja huku mmoja kule, simu ikiwa imeegemezwa kwenye bakuli la tende. Mama alikuwa amevaa vizuri. Inspekta akapiga chafya, akabisha hodi kwa jirani wa marehemu, akaletewa kikombe cha chai kavu, bila cha kutafunia. Mama akavuta pumzi, akanyoosha kidole, akafungua mdomo.

"Huyo!" ikasema simu.

Mama alinigeukia na kidole chake bado kiko hewani. "Umeona? Kanitangulia tena," akasema, akaisogeza simu karibu zaidi.