Nusu ya Mlango

Nakumbuka Jumamosi moja ya jua kali, mwanangu, Jumamosi tuliyohama nyumba kwa kuvuka uwanja tu.

Mimi nimezaliwa ndani ya unipoti. Ninyi vijana mnaoniita Jaja, bibi yenu, mkisikia hivyo mnacheka, chekeni, ruhusa. Unipoti ni nyumba ya duara, mabati matupu kuanzia ukutani hadi paa, na juu imechongoka kama kofia. Askari wa vyeo vya chini waliishi humo na familia zao tangu enzi za mkoloni, na hata leo, ukipita ile kambi ya polisi ya karibu na reli ukitokea Namuwongo, utaziona chache zimebaki, zimeliwa na kutu. Haina kona hata moja. Kitanda ukikisukuma ukutani kinakataa, kinaacha pengo nyuma, na viatu vya watoto vinapotelea humo. Mchana inachoma, usiku inaganda, na mvua ikinyesha hamsikizani kabisa; hata ugomvi wenu mnauahirisha mpaka ikatike. Lakini humo tulikua, na nikizipita leo namshukuru Mungu kwa kila bati.

Baba yangu alikuwa koplo, mtu wa Arua. Aliugua kifua, akafariki mimi nikiwa na miaka kumi na sita, mtihani wa kidato cha nne uko mlangoni. Sasa nyumba ya kambi ni ya askari, si ya mjane wake. Walituvumilia tukamaliza matanga, kisha tukaambiwa kwa upole kwamba askari mwingine anaingia Jumamosi. Mama alibaki na mimi, mdogo wangu Anguyo, na kitindamimba aliyekuwa bado ananyonya. Kurudi Arua kulimaanisha shule yangu basi, imekwisha. Mama hakulia. Nadhani machozi yalikuwa yamemwishia.

Ijumaa akaja Mama Zaina, mke wa sajini wa upande wa pili wa uwanja. Alikuwa Mnubi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza gwaride. Yeye Mwislamu, sisi watu wa kanisa, wala hatukuwa na undugu wa damu hata tone. Akasimama pale nje akasema, "Mama Adiru, huyu mtoto atamaliza mtihani wake. Kesho leteni magodoro kwangu." Mumewe alikuwa ameshamwomba ruhusa mkubwa wa kambi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na sisi wa kwetu tulimwona siku hiyo.

Familia mbili katika duara moja halikuwa jambo la ajabu kambini. Watu walifunga kamba, wakatundika pazia, maisha yakaendelea.

Basi hapo ndipo nilipojifanya mjuzi. Tulipohamia, Mama Zaina alikuwa ameenda sokoni, nami nikasema pazia nitalitundika mwenyewe. Nikaifunga kamba kule nyuma kabisa, nikatukatia kipande chembamba kama cha tikiti maji. Mlango na dirisha nikawaachia wenyeji. Nilijiona nina adabu kweli kweli! Si wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Mimi jembe nililishika siku ile ile ya kwanza. Nilifagia uwanja kabla jua halijatoka, nikachota maji ya nyumba nzima, na nikikaribishwa chakula nasema nimeshiba, huku tumbo linanguruma.

Ila kipande kile cha nyuma hakikuwa na njia, mwanangu. Mtoto akilia usiku, Mama alimbeba akapita mbele ya kitanda cha sajini, amejitanda khanga mpaka usoni, akinong'ona, "Samahani, samahani." Kwenda chooni, samahani. Kumwaga maji ya beseni, samahani. Mjane wa watu, banange, na matanga bado mabichi! Haikupita wiki, nikarudi shuleni mchana nikamkuta anafunga mizigo.

"Kesho tunapanda basi," akaniambia. "Siwezi tena kupita chumbani kwa watu."

"Na mtihani wangu?"

"Adiru, mwanangu, nimechoka kuomba samahani."

Nikakaa juu ya mzigo nikalia kwa sauti, sikujali nani ananisikia. Mama Zaina alikuwa nje kwenye sigiri anasonga ugali. Akaingia mbio, mikono imejaa unga, akauliza nani tena amekufa. Mama akamjibu kwamba hakuna aliyekufa, ila tumemsumbua vya kutosha, Mungu atamlipa. Mama Zaina akatutazama sisi, akatazama mizigo, kisha akalitazama lile pazia.

"Nani alifunga hii kamba?"

"Ni mimi, Mama."

"Ebo! Mimi nilidhani ni mama yako. Nikasema msiba una haya yake, wacha wajifiche kidogo. Kumbe ni wewe! Ulifikiri nini?"

"Nilitaka tusiwabane. Nilikuwa nashukuru."

"Hiyo si shukrani," akasema. "Kushukuru si kujipunguza, we mtoto. Mimi nimekupa nyumba, wewe umechukua shimo. Umenifanya bahili mbele ya mama yako."

Maneno yale yaliniingia. Nilitaka kusema samahani, nikaona hata hilo neno nimelichosha.

Akapanda juu ya kigoda akaifungua kamba. Akaifunga upya juu ya mlango, katikati yake kabisa, akaivuta moja kwa moja mpaka ukuta wa nyuma. Pazia likaikata nyumba sawasawa, na mlango nao ukagawanyika: nusu yao, nusu yetu. Ulikuwa mwembamba, ukipita unatanguliza bega, lakini ulikuwa wetu. Kile kitanda chao kikubwa hakikuenea tena. Kikatolewa, kikahifadhiwa kwa jirani, na tangu siku hiyo sajini na mkewe walilala mkekani. Sikuwahi kumsikia hata mmoja wao akilitaja jambo hilo.

Alipomaliza akamgeukia Mama. "Sasa toka, uingie, utoke tena, mara utakazo. Na ukiniambia samahani nitakasirika."

Mama akapita kwenye ile nusu ya mlango, akasimama juani. Akarudi ndani. Akaanza kuifungua mizigo, fundo moja baada ya jingine, na hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu tumzike Baba. Mama Zaina akamkumbatia na unga wake wote. Na mimi siku hiyo niliposema nimeshiba, nilikuwa nimeshiba kweli.

Mtihani niliufanya, nikafaulu, nikasomea ukunga. Tulikaa pale mpaka nilipopata kazi na kumpangishia Mama chumba Katwe. Mama Zaina ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Sikuweza kumlipa, na nashukuru kwamba alinifundisha mapema kuacha kujaribu. Wema hauozi, wake mpaka leo ninaula.

Mwanangu, wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Siwapingi, mimi ni nani? Lakini hayo ni kwa mwenye nyumba. Kwa aliyehifadhiwa, mlango ndiyo nyumba yenyewe. Ukipewa, pokea ukiwa umesimama wima, ule ushibe, useme asante mara moja na uimaanishe. Na ukitoa, usimpe mtu pa kulala tu; mpe na pa kupitia, asiishi kwa kuomba radhi.

Nimekuita kwa sababu. Umempokea binti wa shangazi yako hapo kwako Kisenyi, na niliposikia nilipiga vigelegele peke yangu jikoni. Lakini juzi nilipita, nikamkuta amekaa kwenye ngazi na mkoba wake, jua linamchoma, anakusubiri wewe, kwa sababu ufunguo ni mmoja na unatembea nao. Nikamuuliza amekaa hapo tangu saa ngapi. Akaruka kusimama, akanifutia ngazi kwa kitenge chake nikae, akasema, "Hapana shida, Jaja, mimi nashukuru tu."

Mwanangu, kamchongee ufunguo wake. Leo, kabla hujala.

Nenda na baraka zangu. Mungu aipanue nyumba yako kuliko kuta zake, na wanaoingia kwako waingie vichwa juu. Na siku wewe utakapokuwa mgeni, maana siku hiyo haimkosi mtu, akukutanishe na mwenyeji asiyetaka umpite ukiinama. Amina.